Mwili Huu ni wa Nani? Tafakari juu ya Riwaya za Wanawake wa Karibi

Riwaya ya Maryse Condé juu ya Tituba, iliyotoka mwaka 1986, inaanza na ubakaji. Abena, binti wa Kiashanti aliyetekwa na kuuzwa, anabakwa na baharia Mwingereza juu ya sitaha ya meli inayoelekea Barbados, na kutokana na tendo hilo anazaliwa Tituba. Meli ile ina jina. Inaitwa Kristo Mfalme. Condé, mzaliwa wa kisiwa cha Guadeloupe aliyefariki mwaka 2024, haongezi maelezo yoyote. Analiacha jina hilo lilivyo, ubavuni mwa meli, na sisi tunaolitaja madhabahuni tunabaki nalo mkononi.

Wapo washirika watakaouliza, na ni haki yao, kitabu cha tafakari za imani kina shughuli gani na hadithi za mapenzi za visiwa vilivyo ng'ambo ya Atlantiki. Wengine watasema mambo ya mwili yazungumzwe na shangazi au na kungwi, si na mchungaji. Lakini mchungaji hana njia ya kuyakwepa, maana yanaletwa mlangoni pake: binti aliyepata mimba kabla ya kipaimara, mke ambaye miaka kumi baada ya harusi bado anaona aibu mbele ya mumewe na hajui kwa nini, mama anayetaka ushauri wa jinsi ya kumchunga binti yake. Waandishi wanawake wa Karibi wameyaandika haya kwa uwazi ambao hatujaukuta katika vijitabu vyetu vya mafundisho ya ndoa. Tumewasoma tukiwa na swali moja: mwili wa mwanamke, pamoja na hamu zake, ni wa nani? Swali la pili linafuata papo hapo. Usafi unaolindwa kwa nguvu, bado ni usafi?

Mtu hawezi kuzielewa riwaya hizi bila kujua ziliota katika udongo gani. Mwanamke Mwafrika aliyepelekwa Karibi alikuwa mali kwa namna mbili: mikono yake ilikuwa ya shamba la miwa, na tumbo lake lilikuwa la mwenye shamba vilevile. Sheria ya mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa ya mwaka 1685, iliyokuja kujulikana kama Code Noir, iliamuru watumwa wote wabatizwe. Sheria hiyohiyo ilikataza padre kuwafungisha ndoa bila ridhaa ya bwana wao, na ikasema mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata kama baba ni mtu huru. Kwenye karatasi ilikuwapo adhabu kwa bwana aliyezaa na mtumwa wake. Mashambani watoto wa namna hiyo walizidi kuzaliwa, na wakahesabiwa pamoja na ng'ombe. Roho ilipewa maji ya ubatizo. Mwili ulibaki katika daftari la mwenye shamba.

Tusijifariji kwamba hayo yalikuwa ya Wakatoliki. Katika visiwa vya St. Thomas, St. John na St. Croix mtawala alikuwa mfalme wa Denmark, na kanisa la serikali lilikuwa la Kilutheri, lenye Ungamo lilelile la Augsburg tunaloliungama sisi. Utumwa ulikoma huko mwaka 1848, na si kwa mahubiri ya wachungaji. Watumwa wa St. Croix waliinuka wenyewe. Wamoravian, ambao ndugu zao walifika Rungwe mwaka 1891, walikuwa wamefika St. Thomas tangu mwaka 1732 na kuwahubiria watumwa kwa ujasiri mkubwa, ingawa nao walikuja kumiliki shamba lenye watumwa. Na sisi wa upande huu wa Afrika tunalo neno suria, ambalo halikuingia katika lugha bila sababu. Zanzibar ilipofuta hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya sheria ile mpaka mwaka 1909. Mwili wa mwanamke ulikuwa wa mwisho kufunguliwa.

Basi, kabla wanawake wa Karibi hawajaandika, waliandikwa na wengine. Katika Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847 ambayo baadhi yetu tuliisoma shuleni, yumo mke mwendawazimu kutoka Jamaika aliyefungiwa chumba cha juu ghorofani. Hana maneno. Ana kicheko na mngurumo tu, na mumewe anatueleza kwamba alikuwa mtu wa tamaa zisizo na kiasi. Jean Rhys, aliyezaliwa Dominica mwaka 1890, hakukubali habari ya mwanamke ichukuliwe kwa kinywa cha mumewe. Mwaka 1966, akiwa mzee, alitoa Wide Sargasso Sea, na humo mwanamke yule ana utoto, ana jina lake mwenyewe, Antoinette, na anasema. Mumewe ni Mwingereza aliyemwoa kwa ajili ya mali aliyokuja nayo. Siku za kwanza anavutwa naye, na Antoinette, ambaye hakupendwa na mtu tangu utotoni, anaifurahia ndoa yake bila kujificha. Kisha inakuja barua kutoka kwa mtu anayedai kuwa ndugu yake, kwamba ukoo wa mke una wazimu na uasherati. Tangu siku hiyo furaha ya mke inageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Mume anajiuliza ni mwanamke gani wa heshima anayefurahi hivyo. Mume huyohuyo analala na mtumishi wa nyumbani huku mkewe akiwa upande wa pili wa ukuta mwembamba, na hilo halimfanyi ajione kuwa na kichaa. Anambadilisha mkewe jina, anamwita Bertha, anamchukua hadi Uingereza na kumfungia.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa maana jambo hili lipo hata katika nyumba zilizobarikiwa madhabahuni. Tumewasikia wake wakisema kwamba wanaogopa kuonyesha furaha chumbani, mume asije akauliza walijifunza wapi. Mke wa mchungaji Samuel Parris katika riwaya ya Condé anamweleza Tituba kwamba mumewe humwendea bila kuvua nguo zake wala za mkewe, kwa haraka, kama mtu anayemaliza kazi inayomchukiza. Tituba anashangaa, maana kwake yeye hakuna tendo zuri kuliko hilo. Parris ni mtu wa historia. Ndiye aliyekuwa mchungaji wa kijiji cha Salem wakati wa kesi za uchawi za mwaka 1692, na Tituba halisi alikuwa mtumwa wake. Mazungumzo ya chumbani ni ya Condé. Lakini ameweka kidole mahali penyewe: nyumba ya mchungaji, ambamo Mungu anatajwa tangu asubuhi hadi usiku, ndiyo ambamo mwili umekuwa adui.

Huo si urithi wetu Walutheri, au haukupaswa kuwa. Luther aliandika juu ya hali ya ndoa mwaka 1522, na mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa, wakazaa watoto sita. Alifundisha kwamba hamu ya mume kwa mke na ya mke kwa mume imewekwa na Muumba, na kwamba si mtu wa kuiondoa kwa viapo. Ukitaka ushahidi mkubwa kuliko Luther, umo katika Biblia yako, baada ya Mhubiri. Katika Wimbo Ulio Bora anayeanza kusema ni mwanamke, tena anaanza kwa kuomba busu. Yeye ndiye anayesema zaidi katika kitabu kizima. Anatoka usiku kumtafuta mpenzi wake, walinzi wa mji wanampiga na kumvua shela, na kitabu hakiwapi walinzi haki. (Luther mwenyewe, alipokifundisha kitabu hicho, alisema kinahusu utawala mwema wa mfalme Sulemani. Hata wakubwa huona haya.)

Wasomaji wenye mabinti shuleni wangefaa waisome Beka Lamb, riwaya ya Zee Edgell ya mwaka 1982. Inatokea Belize, wakati huo koloni la Waingereza katika pwani ya Karibi, na wahusika wake ni wasichana wawili marafiki, Beka na Toycie, wanaosoma shule ya sekondari ya watawa. Toycie ana miaka 17, ni mwanafunzi hodari, analelewa na shangazi yake maskini aliyejinyima ili asome. Anampenda kijana wa familia iliyo juu kidogo kuliko yao, anapata mimba, kijana anasema hawezi kumwoa. Mkuu wa shule, mtawa, anamfukuza. Baba yake Beka anakwenda kumwombea: shangazi ametoa kila alichokuwa nacho, umebaki muda mfupi, na mvulana mbona anaendelea na masomo yake? Jibu la mtawa ni kwamba wasichana ndio wanaopaswa kujizuia. Toycie anapoteza mimba, anapoteza akili, na anakufa siku ya kimbunga.

Edgell hamchori mtawa yule kama mtu mbaya, na hiyo ndiyo nguvu ya kitabu. Mtawa anaamini kwamba anailinda shule, na kwamba shule ndiyo tumaini pekee la wasichana wa mji ule. Beka mwenyewe anashinda shindano la insha, na insha yake ni juu ya historia ya watawa haohao. Anawaheshimu. Wamemfundisha kusoma na kuandika. Na wamemfukuza rafiki yake. Tanzania ilirudisha nafasi ya masomo kwa wasichana waliojifungua mnamo Novemba 2021, baada ya miaka mingi ambayo wengi waliondoka na mabegi yao huku wenzao wa kiume wakiendelea na mitihani, na baadhi ya shule zilizowaondoa zilikuwa na msalaba getini.

Kitabu ambacho kimetukalia moyoni kuliko vyote, hata hivyo, ni Breath, Eyes, Memory cha Edwidge Danticat, mzaliwa wa Haiti, kilichotoka mwaka 1994. Sophie analelewa na dada wa mama yake kijijini, kisha akiwa na miaka 12 anapelekwa New York kwa mama mzazi, Martine, ambaye hamjui. Martine alibakwa akiwa msichana katika shamba la miwa, na mtu aliyejificha uso, na Sophie ndiye mtoto wa tukio hilo. Anafanya kazi mbili. Anapiga kelele usingizini. Anampenda binti yake, na kwa kuwa anampenda, siku Sophie anapochelewa kurudi akiwa na umri wa kuvutiwa na mwanaume, anamlaza kitandani na kumpima kwa kidole kama bado ni bikira. Baada ya hapo anaendelea kumpima. Mama yake Martine alimpima Martine vivyo hivyo, na bibi alimpima mama.

Mwandishi hatuachii nafasi ya kumlaumu Martine kwa haraka. Wakati wa kupima anamsimulia bintiye hadithi ili asifikirie kinachofanyika, na huo ni upole wa aina fulani. Sophie anajifunza kuuacha mwili wake pale kitandani na kwenda mahali pengine katika mawazo. Mwishowe anachukua mchi wa kinu na kujiumiza nao, ili asipatikane tena kuwa bikira, ili upimaji ukome. Unakoma. Mama anamfukuza, na yeye anaolewa na Joseph, mwanaume mpole asiyemlazimisha kitu. Wala upole wa Joseph hausaidii, maana kila usiku Sophie anafanya alichofundishwa na kidole cha mama yake: anauacha mwili na kuondoka. Amelindwa kwa ajili ya ndoa, na ulinzi wenyewe ndio ulioiharibu ndoa.

Anapomuuliza mama yake kwa nini alifanya vile, mama hana jibu zaidi ya kwamba naye alifanyiwa. Na mama anakiri jambo zito: mambo mawili yamemwumiza katika maisha yake, kupimwa na kubakwa, na yote mawili anayaishi kila siku. Ameyaweka pamoja. Tuliposoma mahali hapo tulifunga kitabu kwa muda. Mbakaji alimchukia, mama yake alimpenda, na mwili haukuweza kutofautisha.

Katika kikundi ambacho Sophie anakwenda kutafuta uponyaji yumo mwanamke wa Ethiopia aliyekeketwa na bibi yake. Kwa hiyo ukanda wetu nao umo kitabuni, na umeingia kwa mlango huo. Msomaji wa Mara, wa Manyara, wa Dodoma hahitaji kuelezwa. Anajua kwamba kisu hakishikwi na adui. Kinashikwa na mtu aliyekupikia uji. Hata pale pasipo na kisu, wengi wa mama zetu wanakumbuka kitambaa cheupe cha usiku wa harusi, kisarawanda, na wazee waliokaa nje wakikisubiri.

Hapo ndipo msomaji wa Biblia anapopata shida ya kweli, na haifai mchungaji aipite. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 kitambaa kile kipo. Wazazi wa binti wanakikunjua mbele ya wazee wa mji langoni, na kama ushahidi haupatikani, binti anapigwa mawe mlangoni pa nyumba ya baba yake. Martine angeweza kuusoma mlango huo na kusema: mnaona, mimi nilikuwa ninamwokoa binti yangu. Na kwa sheria ile angekuwa na hoja.

Sisi tunaisoma Torati tukipitia Bethlehemu. Mathayo anapoanza Injili yake anawataja wanawake wanne kabla hajafika kwa Mariamu, Tamari wa Yuda, Rahabu, Ruthu na yule aliyekuwa mke wa Uria, na hakuna hata mmoja ambaye angelipita langoni pa wazee bila maneno. Kisha Mariamu mwenyewe. Kwa kipimo cha kitambaa, mama wa Bwana wetu alikuwa hatarini. Alichokuwa nacho ni neno la malaika, ambalo halikunjuliwi mbele ya wazee, na mume aliyekusudia kwanza kabisa asimwaibishe. Mathayo anamwita Yusufu mwenye haki kwa sababu hiyo, kabla hata hajaota ndoto. Haki yake ilikuwa kukataa kulitumia lango.

Liko jambo jingine, na linatoka Wittenberg. Mwezi Machi mwaka 1522 Luther alirudi kutoka ngomeni alikofichwa, akakuta wenzake wakivunja sanamu na kuwalazimisha watu kushiriki meza ya Bwana kwa mtindo mpya. Alikubaliana nao karibu katika kila jambo, na bado akahubiri siku nane mfululizo kuwazuia, kwa kuwa imani haiwezi kusukumwa kwa mabavu. Mtu akilazimishwa kufanya jema, lile jema linamfia mkononi. Tunaona neno hilo linafaa kwa usafi wa mwili kama linavyofaa kwa ibada. Binti anayejitunza kwa kuwa anajua thamani yake mbele za Mungu ana kitu. Binti anayejitunza kwa kuogopa kidole cha mama hana kitu chochote bado. Ni mama ndiye aliye nacho. Siku atakapotoka chini ya macho ya mama hatakuwa na la kusimamia, au, kama Sophie, atakuwa na jeraha tu.

Katika riwaya Martine anapata mimba tena, anaanza kumsikia mbakaji ndani ya tumbo lake, na anajiua. Sophie anamvisha nguo nyekundu kwa mazishi. Mwanaume aliyekuwa akiishi na Martine anaona haya. Anasema Petro hatampokea mbinguni akiwa amevaa hivyo. Sophie hajali. Tumezika wengi, na tunakiri kwamba hatukuwahi kufikiria kwamba rangi ya nguo ya maiti ingeweza kuwa hoja ya theolojia.

Si kila kitu katika vitabu hivi tunachokikubali. Jamaica Kincaid wa Antigua ameandika kwa ukali kuliko wote. Hadithi yake fupi Girl ya mwaka 1978 ni mfululizo wa maagizo ya mama kwa binti, jinsi ya kufua, kupika, kufagia, kukaa mezani, na katikati ya maagizo ya jikoni mama anarudia kumwonya asiwe yule malaya ambaye, kwa maoni ya mama, amekwisha kuelekea kuwa. Hilo kila mama wa usharikani atalicheka na kulitambua. Lakini katika The Autobiography of My Mother, ya mwaka 1996, Xuela, aliyefiwa na mama saa ya kuzaliwa, anaamua kwamba mwili wake ni wake peke yake. Anaupenda, anaufurahia, anawachukua wanaume kama apendavyo, anakataa kuzaa, na hampi mtu yeyote chochote cha ndani. Wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani wanaona huo ni ushindi. Sisi tunaona ni ushindi wa mtu aliyefunga mlango wa nyumba inayoungua akiwa ndani.

Mkristo atataka kumjibu Xuela kwa maneno ya Paulo katika Wakorintho wa kwanza, sura ya 6, kwamba sisi si mali yetu wenyewe maana tulinunuliwa kwa thamani. Ni neno la kweli. Ila tufikirie linavyosikika masikioni mwa mwanamke wa Dominica ambaye bibi yake wa bibi alinunuliwa kwa thamani iliyoandikwa kwa paundi na shilingi. Kabla ya kumwambia kwamba mwili wake ni wa Bwana, inabidi tumweleze ni bwana yupi. Paulo mwenyewe, sura moja mbele, anasema jambo ambalo halijazoeleka kutiliwa mkazo katika mafundisho ya ndoa: mume hana mamlaka juu ya mwili wake, bali mkewe. Nusu ya kwanza ya mstari ule, inayomhusu mke, tumeisikia harusini mara nyingi. Nusu ya pili husomwa kwa sauti ya chini. Bwana anayenunua na kuweka huru, na ndoa ambamo mamlaka yanakwenda pande zote mbili, hayo Xuela hakuwahi kuyaona kwa macho yake. Alichoona ni wenye mali. Hatuwezi kumshangaa.

Mwandishi mmoja zaidi, kwa ufupi, kwa ajili ya dada zetu ambao hawajaolewa. Marie Chauvet wa Haiti alichapisha Paris mwaka 1968 kitabu cha hadithi tatu, na katika ya kwanza Claire, mwenye miaka 39, ambaye mji mzima unamjua kama mwanamke mkavu asiye na habari na wanaume, anaandika kwa siri katika daftari lake jinsi anavyowaka ndani. Familia ya Chauvet iliogopa kisasi cha Duvalier ikanunua nakala ili zisisambae, na yeye akafia uhamishoni New York mwaka 1973. Duvalier alikuwa na sababu zake za kisiasa. Lakini Claire anatukumbusha kwamba katika usharika tuna semina za wanandoa, semina za vijana, na kimya kwa wanawake wa umri huo, kana kwamba hamu huisha siku mtu anapokoma kuitwa kijana.

Turudi nyumbani. Sharika nyingi bado zina desturi ya kurudi kundini. Msichana aliyezaa nje ya ndoa anatengwa Meza ya Bwana, na siku ya kurudi anasimama mbele, mtoto mgongoni au mikononi mwa bibi, anaulizwa maswali naye anajibu. Wazee wanaoitetea desturi hii si watu wakatili. Wanasema, na tunawasikia, kwamba pasipo nidhamu kanisa linakuwa soko, na kwamba wamewaona mabinti waliorudi wakaishi vizuri. Lakini wazee hao hao wanajua anayesimama pale ni nani. Ushahidi wake ni tumbo. Wa mwanaume uko wapi? Mara nyingi yumo ndani ya ibada, benchi la tatu, akiimba. Ungamo la Augsburg, ibara ya 11, linataka maondoleo ya dhambi ya faragha yadumishwe kanisani. Tunayo basi njia ya Kilutheri kabisa ya kumpokea mtu aliyetubu, mbele ya mchungaji na mbele za Mungu, bila kulirudisha lango la Kumbukumbu la Torati katika kanisa la Kristo. Tunapendekeza mabaraza ya wazee yalijadili jambo hili, na wanawake wakiwemo mezani wakati wa kujadili, si nje wakichemsha chai.

Katika darasa moja la kipaimara, tulipofika Amri ya Sita, tulisoma habari za Tamari binti Daudi, Samweli wa Pili sura ya 13. Amnoni, ndugu yake kwa baba, anajifanya mgonjwa, anamwita ampikie, anambaka, kisha anamchukia na kuamuru afukuzwe na mlango ukomelewe nyuma yake. Tamari anararua vazi lake na kwenda akilia kwa sauti, ili mji mzima usikie. Binti mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. Tulidhani atauliza juu ya Tamari. "Mchungaji," alisema, "na Amnoni je, alitengwa?" Tukaurudia mstari wa 21 pamoja, ambapo Daudi anapata habari zote na kukasirika sana. Akaufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, kisha akafunua ukurasa wa pili kutafuta baada ya kukasirika alifanya nini.